Kifaranga wa Marehemu Muigai

Benchi letu liko mtaa wa West Indies, ukutani kwa kinyozi, na George hulifikia na birika lake la kahawa saa tatu asubuhi, jua likishapasha mbao joto. Wa kila siku ni wanne. Kuna Kinyanjui, tunayemwita Msumeno kwa sababu huitwa mashambani huko Kapseret kukata midomo ya kuku wa mayai ili wasidonoane. Kuna Aloo, Injinia, aliyefagia uwanja wa ndege miaka tisa na sasa anajua kila kitu kinachoruka. Kuna George mwenyewe. Na kuna mimi, fundi wa baiskeli niliyejifunza mwenyewe, hakuna aliyenionyesha hata spoku moja. Jumanne ile tulikuwa hatujamaliza kikombe cha kwanza Kabura, jirani yetu, alipokuja na katoni ya sabuni, akaiweka katikati yetu kama mtu anayeleta kesi.

Ndani mlikuwa na kifaranga mmoja. Mdomo wa juu umeenda kushoto, wa chini kulia, kama mkasi ulioharibika. Alikuwa na wiki tatu na mwili wa siku tano.

Habari yake tuliijua. Mayai tisa, aliyeyaweka chini ya kuku ni mume wake, Muigai, siku nne kabla ya moyo wake kusimama. Likaanguliwa moja. Kabura alisema amechoka kumwangalia akikonda, lakini hawezi kuchinja kitu kilichopita mkononi mwa Muigai. Tukiona hawezi kuishi, tuseme. Msumeno ammalize, na yeye ataangalia upande wa barabara.

Tungejibu hapo hapo. Badala yake tukaanza kutafuta kilichoupinda ule mdomo. Msumeno akasema mayai yalitoka Chepsaita kwa boda, na ile barabara ikayatikisa. Injinia akakataa. Kwake yeye ni ndege, zikishuka zinatetemesha ardhi, na yai lina ngozi nyepesi ndani, linashika kila kitu kama redio. George, ambaye kazi yake ni kumimina tu, akataja mlingoti wa simu ulio nyuma ya kanisa. Injinia kuona anapitwa, akasema basi ni kuku mwenyewe, aliona jeneza likitoka akashtuka, na mshtuko ukashuka kwa mayai.

— Kuku ashtuke, mtoto apinde mdomo? Msumeno akauliza.

— Wewe umewahi kuwa kuku?

Mimi sina subira na maneno ya kuzunguka. Niliweka kikombe chini kahawa ikamwagika.

— Nani alitoa kile kikapu cha mayai jikoni siku ya matanga?

Kila mtu akapata kitu cha kuangalia barabarani. Basi nikasema mwenyewe. Ni mimi na Injinia. Akina mama wa kanisa walitaka nafasi ya sufuria kubwa, tukabeba kikapu na kuku wake tukakiweka nyuma ya nyumba, na Msumeno akasema mayai hayana haraka. Mvua ikanyesha. Kuku akakimbilia kwa jirani, na mayai yakalala wazi kwa baridi ya huku kwetu mpaka asubuhi.

— Sijui kama baridi inapinda mdomo, nikasema. Lakini yale mengine manane hayakuuawa na ndege.

Kabura hakuinua macho kutoka kwa katoni.

— Nilijua. Niliwaona mkitoka nacho. Ningewaambia nini, na ni nyinyi mlikuwa mnabeba jeneza?

Msumeno akatoa kisu mfukoni, akakifuta kwa suruali, polepole, kama anayetaka kuzuiwa.

Wakati huo Marion, mwalimu wa nasari aliyehamia mtaa huu juzi, alikuwa amesimama akingoja kahawa yake. Akachungulia ndani ya katoni.

— Anakula?

Tulimjibu karibu kwa pamoja kwamba anakula sana. Kabura akamweleza kwamba kutoka asubuhi kichwa kiko kwa sahani, anadonoa tu, hata ukipita usiku.

— Nani amemwona akimeza?

Nikamwangalia Msumeno, mtu aliyeshika maelfu ya midomo. Msumeno akamwangalia Kabura.

Msumeno akaweka kisu chini, akapapasa kile kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo ya kuku. Kilikuwa bapa kama bahasha tupu. Wiki tatu nzima kifaranga amekuwa akigonga sahani na unga ukirukia pembeni, na punje chache zilizopotea njia ndizo zilizomfikisha hapo.

Marion akaomba mkebe wenye kina na maji ya uvuguvugu. George alimwaga sukari yake yote kwenye karatasi ili mkebe upatikane. Kabura akatoa unga wa vifaranga aliokuwa ameufunga kwa leso, akaukoroga mpaka ukawa uji mzito, akamwinamisha kifaranga. Kile kidomo cha chini kikaingia kama kijiko, kikazama mpaka machoni.

Kabura aliinama juu ya katoni, kidole kimoja kikigusa ile shingo, kuhisi akimeza.

— Moja, akasema.

Tukangoja. Kahawa ikapoa mikononi mwetu.

— Mbili.