Marehemu Sila Chilewa na Jezi Zake za Besiboli

Ndugu waombolezaji, marehemu Sila Yohana Chilewa alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 hapahapa Handali, mtoto wa kwanza wa mzee Yohana na mama Mwendwa. Alisoma shule ya msingi kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 1981. Mwandiko wake ulisifiwa na walimu. Kwenye hesabu tusimsingizie.

Baada ya shule alivua samaki Mtera, kisha mwaka 1990 akaanza kuuza mitumba Sabasaba, Dodoma mjini. Ndani ya belo moja la nguo alikutana na jezi ya zamani ya besiboli, mchezo wa Wamarekani: sufu nzito, vifungo mbele, jina la mchezaji limeshonwa kwa uzi ndani ya kola. Alishindwa kuiuza. Tangu siku hiyo alitafuta jezi adimu kama ile kila belo lilipofunguliwa, nyingine zimeshonwa kabla baba yetu hajazaliwa. Mchezo wenyewe hakuwahi kuuona. Mteja akiulizia, alijibu, "Hiyo siuzi, mama."

"Sasa umeitundika ya nini?"

"Inapunga upepo."

Tarehe 5 Septemba 1992 alifunga ndoa na Yunisi Mazoya. Nyumbani hakuwa mchoyo, ila jezi zile hakumvalisha mtu, hata kifungua mimba wake alipoomba moja avae kwenye michezo ya shule.

Mwaka 2023 alianza kuugua figo. Mwezi uliopita, akiwa wodini, alimwambia mdogo wake, Abeli, "Begi la bluu uniangalizie, mdogo wangu." Abeli akajibu, "Usijali, kaka," huku macho yakiwa kwenye simu. Marehemu alifariki dunia alfajiri ya Ijumaa, tarehe 6 Juni 2025.

Maneno yanayofuata hayamo kwenye ratiba mlizoshika, zilikwisha kuchapwa. Abeli huyo ndiye mimi ninayesoma. Asubuhi ya leo vijana walikuja kuchimba kaburi wakiwa na nguo zao nzuri. Niliingia stoo, nikafungua begi la kwanza nililoliona, nikawagawia mashati makuukuu yaliyokuwamo. Rangi ya begi sikuitazama. Ndizo jezi walizovaa pale, zimelowa jasho na udongo mwekundu, nyingine zimechanika mabegani.

Nilipozitambua nilitaka wazivue palepale. Shemeji Yunisi akanishika mkono. "Usiwavue mbele za watu, shemeji. Wamemchimbia kaka yako. Aibu hii ni yako, ibebe wewe."

Naibeba. Vijana, ninyi hamna kosa, na ukoo unawashukuru. Kaka aliniomba jambo moja tu katika ugonjwa wake wote, nami nikaitikia bila kusikia. Inaniuma sana.

Marehemu ameacha mjane, Yunisi, watoto watatu, Castory, Debora na Amosi, wajukuu wanne, na mimi mdogo wake. Bwana ampe kaka yangu pumziko lenye amani, na mimi aniandae kwa siku nitakayomtazama usoni.