Honorata, Inanga na Nyundo

Marehemu Honorata Eliudi alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, Ilagala, mtoto wa pili wa mzee Eliudi na mama Rozalia. Wote wametangulia.

Alisoma hapo hapo, akamaliza darasa la saba mwaka 1972. Inanga, chombo chetu cha nyuzi, alifundishwa na babu yake. Kaka yake Wilfred alisema hicho ni chombo cha wanaume, akakata nyuzi. Honorata akafunga nyingine. Akakata tena, akafunga tena. Wilfred yupo hapa leo, na anakumbuka.

Mwaka 1981 alihamia mjini, akaingia kwaya, akajifunza gitaa na kinanda. Alichukua kipaza sauti cha redio mbovu akakifunga ndani ya inanga, ikalia kama gitaa la umeme. Mwalimu wa kwaya, Alphonce, akamwambia mbele ya watu:

"Hicho kitu kina shetani."

"Nisamehe, mwalimu. Sikujua kinanda chenu kimebatizwa."

Wakamfukuza. Tangu hapo alitunga mwenyewe, akapiga vyombo vyote mwenyewe, akarekodi chumbani kwake Rusimbi na kuuza kanda sokoni Mwanga. Tajiri mmoja wa muziki alitoka Dar es Salaam akamtaka aache inanga, avae nguo fupi. Alimpa chai, akamwonyesha mlango.

Mumewe, Anatoli, fundi wa maboti, alikutana naye Katonga mwaka 1986. Yeye anapigilia misumari, Honorata anaimba kwa wauza dagaa.

"Mama, kelele zako zinafukuza dagaa."

"Yewe, fundi, dagaa hawajanilalamikia. Nyundo yako ndiyo haina mwendo. Gonga vizuri au nenda nyumbani."

Akagonga vizuri. Walifunga ndoa Februari 1987. Kwenye kanda yake ya kwanza hakuna ngoma. Inayosikika ni ile nyundo.

Koo lilianza kumsumbua mwaka 2023. Ikawa kansa. Sauti ilitangulia kuondoka. Alipiga inanga kitandani, midomo ikitembea tu. Kwaya haikuja hata kumpa pole. Wilfred alikuwa na shughuli. Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 11 Machi 2025, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Jana kwaya ilikuja na sare. Wimbo waliouchagua ni wa kwake.

"Mzee, tumsindikize dada yetu," Alphonce alimwambia Anatoli.

"Dada yenu tangu lini?"

Kwa hiyo ijulikane: leo hakuna atakayeimba. Na Wilfred aondoe spika alizoleta.

Ameacha mume, watoto wawili, Scola na Bariki, na wajukuu watano. Inanga ni ya Scola. Haiingii kaburini, wala haiendi kwa kwaya.

Jeneza amelitengeneza mumewe kwa mbao za boti. Misumari ya mwisho ataipigilia hapa hapa, kwa mwendo aliofundishwa Katonga. Mnyamaze, msikilize. Akishaweka nyundo chini, Honorata apumzike.