Mtani Aliyefukuzwa Msibani

Jumatatu asubuhi, benchi la kahawa la Salifu hapa Gunghin, Wagadugu, lilijaa kabla maji hayajachemka. Sheria, ambaye zamani alikuwa tarishi wa mahakama na tangu astaafu hajaacha kutoa hukumu, aliegemea ukuta. Redio, fundi pikipiki asiyejua kuweka siri, alikaa katikati. Mimi nilibanwa kando yake. Mwisho wa benchi alikaa Mzee Toe, Msamo, kimya kabisa. Hilo lilitutisha, maana kwa miaka thelathini, kila asubuhi, alikuwa akimtukana Mzee Nobila Sawadogo, Mmosi, hapa hapa. Wasamo na Wamosi ni makabila ya watani. Na Nobila tulimzika Jumamosi.

— Haya, nielezeni, alisema Salifu akimimina maziwa mazito. Mimi nilibaki na kioski. Nasikia jeneza liligoma kutoka.

— Halikugoma lenyewe, alisema Redio. Lilikuwa litoke saa nne. Si unamjua Relwende, mtoto wa marehemu?

— Yule wa semina?

— Huyo huyo! Analipwa kufundisha utamaduni hotelini, kwenye kiyoyozi. Basi jeneza limenyanyuliwa, Mzee Toe huyo, kavaa kofia ya marehemu, kajilaza mlangoni chali! “Huyu mtumwa wangu hajafa! Anakwepa kulima! Mfunueni nimchape!”

— Alikohoa kile kikohozi cha marehemu, nikaongeza mimi. Ungedhani ni Nobila mwenyewe. Wajane walicheka huku machozi yanawatoka.

— Ndivyo inavyotakiwa, alisema Salifu.

— Waambie wenye shahada! alidakia Redio. Relwende kawaka hasira. “Nani kamruhusu mlevi huyu msibani? Mtoeni!” Vijana wawili wakamshika mzee makwapa, wakamtupa nje ya geti.

Sote tukamtazama Mzee Toe. Akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

— Kisheria, alisema Sheria, lile lilikuwa kosa la jinai. Utani ni katiba iliyotangulia katiba. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kinaingiaje hapo, mshua? aliuliza Redio.

— Kinaingia polepole. Usinikatize.

— Kisha? aliuliza Salifu.

— Kisha shangazi mtu, dada yake marehemu, akavua viatu, akakaa kizingitini, alisema Redio. “Kaka yangu hatoki nyumba hii kama mwizi. Mrudisheni mtani.” Wazee wakaweka jeneza chini, wakaomba maji ya kunywa. Jua lenyewe kali! Relwende akaanza kuwaeleza utamaduni ni nini. Shangazi akamwambia, “Mwanangu, hayo ya hotelini. Huku tunazika.”

— Aisee!

— Saa saba mchana, mtaalamu akawasha pikipiki, na tai yake shingoni, akaja kumtafuta mzee hapa.

— Hiyo niliiona, alisema Salifu. Alimkuta anakula mkate. Mzee akamwambia, “Ahaa, mtumwa amenitumia mtoto wake! Piga magoti, ila taratibu, suruali ya semina isichanike.” Akapiga. Hapo nyuma ya jiko langu, kwenye majivu.

— Mzee akarudi, akalala tena mlangoni, akabembelezwa kwa kuku na kokwa za kola, nikamalizia mimi. Ndipo tukazika. Saa tisa.

— Sasa elewa maana yake, alisema Redio, akishika kikombe kama kipaza sauti. Bila utani, Wasamo na Wamosi wangeshamalizana kwa mishale.

— Mishale tu? alidakia Sheria. Hata mvua! Mwaka ule mvua ilipokata, chunguza, kuna mtani alinyimwa haki yake.

— Na huko mbinguni je! alisema Redio. Marehemu akifika getini anaulizwa, “Nani kakutukana ukitoka?” Akikosa jina, anarudishwa!

— Anarudishwa wapi, na keshazikwa? aliuliza Salifu.

— Ndiyo maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, alihitimisha Sheria.

Nilitaka kuuliza uhusiano, lakini pikipiki ilisimama. Alikuwa Relwende. Hakuwa na tai. Macho yalikuwa yamevimba, na sauti imekauka.

— Wazee wangu, za asubuhi.

— Nzuri, mwanangu. Pole tena, tulijibu.

Redio alisogea haraka akafuta benchi kwa mkono, adabu ambayo haijawahi kuonekana kwake. Relwende hakukaa. Alisimama mbele ya Mzee Toe.

— Baba Toe, nimekuja kuomba radhi tena, leo si kwa sababu jeneza limekwama.

— Sheria inasema radhi ya pili haina… alianza Sheria.

— Nyamaza, alisema Salifu.

Relwende akaendelea.

— Jana nimelia kutwa nzima. Mama zangu wamelia, shangazi amelia, kila mtu na zamu yake. Nikakukumbuka wewe. Umekaa na baba yangu miaka thelathini, mingi kuliko mimi. Na siku ya kumzika ukatakiwa uchekeshe watu. Nimefundisha mambo haya miaka sita na sijawahi kuliuliza hili, kwa hiyo nawauliza nyinyi wenyewe: mtani analia lini?

Sheria akatazama ukuta. Redio akaweka kikombe chini. Mimi nikajikuta nahesabu vidole vyangu. Birika lilikuwa linachemka na hakuna aliyelitoa jikoni.

Mzee Toe alinyanyua uso. Akamtazama kijana toka viatuni hadi utosini, akavuta pumzi, akanyoosha kidole kama anavyofanya siku zote, na sote tukajua tusi linakuja.

Halikuja. Kilitoka kile kikohozi cha Nobila, na nyuma yake machozi.