Kijani cha Bwawa la Kapseret

Asubuhi hiyo Githinji alifika kwenye benchi la kahawa la Mama Rael, nyuma ya soko la Eldoret, akicheka peke yake. Binti yake Nduta, aliyelazwa hospitalini siku tisa kwa kunywa maji ya bwawa lao kule Kapseret, alikuwa ameanza kula na kugombana na manesi. Githinji akaagiza kahawa yake na ya rafiki zake wa benchi hilo, Wamalwa, anayeitwa Profesa, na Kiptoo, anayeitwa Breki. Wakampongeza, kisha wakaanza kubishana.

— Daktari alisema ni nini? akauliza Breki.

— Ile kitu ya kijani juu ya maji iko na sumu, Githinji akajibu. Iliingia kwa damu ikachanganya askari wa mwili. Ndiyo maana homa ilikataa kutoka.

— Iliwalaza, akasema Profesa. Adui anapita roadblock bila kuulizwa kitambulisho.

— Askari gani analala bure? Breki akapiga benchi. Walipewa kitu kidogo!

— Basi walipinduana wao kwa wao.

— Wewe Profesa! Mama Rael akatazama barabarani. Hayo ya kupindua usilete kwangu. Sema waligoma.

— Kugoma pia imekatazwa, Mama!

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Githinji aliwashinda wote kwa kicheko, maana tangu Nduta augue hakuwa amecheka mpaka asubuhi hiyo.

Mama mmoja wa Kaptagat, mgeni, alikuwa amepumzika hapo na mkebe wake wa maziwa.

— Samahani, wazee. Bwawa letu pia hugeuka kijani kila kiangazi. Huyo msichana si alikuwa anakunywa hayo maji siku zote?

— Siku zote, akasema Breki.

— Sasa siku hiyo kulikuwa na nini?

 Profesa na Breki wakamgeukia Githinji.

Githinji alijua. Jana daktari alimweleza kwamba kijani kikiuawa ghafla hutema sumu yake yote majini. Alikuwa ameitikia kwa kichwa tu, bila kumwambia daktari alichofanya.

— Mrututu, akasema polepole. Ile dawa ya buluu baba alikuwa ananyunyizia kahawa. Nilimwaga bwawani jioni, asubuhi kijani kikaisha. Ni mimi nilimwambia mtoto, kunywa, maji sasa ni safi.

 Githinji alivuta pumzi ndefu, ya kwanza kwa siku tisa.

— Nduta anajua? akauliza Mama Rael.

— Bado.

— Enda umwambie sasa, akiwa na nguvu ya kukugombeza. Kahawa yako nitaiweka kando ya jiko.

Githinji akachukua kofia yake, akaenda.