Jina la Fournier Linarudi Kwao

Baba Padre, ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliokusanyika hapa Scarborough leo Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025, pamoja nanyi mnaotusikiliza kwa simu kutoka Mpanda, ambako sasa hivi ni saa kumi na mbili jioni, familia inaomba mtu asinyanyuke mpaka historia hii imalizike, kwa sababu haitafanana na ile mliyoizoea, na wamo humu ndani ambao mpaka jana walikuwa hawataki isomwe.

Anayesoma mnamfahamu. Ni Anselimi Nsokolo, ambaye kwa miaka kumi na sita mmemwona kwenye kila shughuli ya nyumbani kwa marehemu akitambulishwa kama rafiki yake kutoka Tanzania, akiketishwa na wageni, akishukuriwa kwa kufika. Ukweli ni kwamba ni mdogo wake wa tumbo moja, na marehemu, ambaye ninyi nyote mlimwita Sebastian Fournier, alibatizwa kwa jina la Tumsifu Nsokolo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1969 katika kijiji cha Kalungwe, wilaya ya Mpanda, nchini Tanzania, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa Mzee Petro Nsokolo, mkulima wa tumbaku, na Mama Elizabeti, aliyekuwa akifua nguo za kanisa pale misheni, akakua kama watoto wengine wa kijiji kile, mweusi wa vidole kwa utomvu wa tumbaku, mtundu kiasi, mwenye akili nyingi na aibu nyingi zaidi.

Alianza elimu ya msingi mwaka 1976 na kumaliza darasa la saba mwaka 1982, lakini hakuchaguliwa kwenda sekondari, na wala halikuwa jambo la ajabu, kwani mwaka ule kijiji kizima alichaguliwa mtoto mmoja. Mliosomea nyumbani miaka ile mnajua kilichofuata, na baadhi yenu mlipitia humo humo mkanyamaza: kurudia darasa la saba kulikatazwa, kwa hiyo mwalimu mkuu alitafuta ndani ya rejista jina la mtoto aliyeacha shule, akakupa wewe, ukasoma kwa jina la mtu. Mwaka 1983 Tumsifu alipewa jina la Sebastian Fournier, mtoto wa jirani aliyeacha shule akiwa darasa la sita ili kumuuguza mama yake, na ambaye wakubwa waliamua wenyewe kwamba hatarudi. Akafanya mtihani kwa jina hilo, akafaulu, akaenda sekondari.

Januari 1984 mama yule alipona, na Sebastian akarudi shuleni na sare yake iliyofuliwa ikanyooshwa kwa pasi ya mkaa. Mdogo wa marehemu, akiwa na miaka kumi, alikuwapo mstarini, akamsikia mwalimu mkuu akimwambia kwamba Sebastian Fournier ameshafaulu na ameshaondoka, kwamba hakuna tena mtu wa jina hilo hapa, aende akamsaidie baba yake. Akaenda. Marehemu alipokuja likizo ya Juni na kusimuliwa hayo na Mama Elizabeti, hakula siku nzima, na tangu siku hiyo, kila likizo, alizunguka kwa njia ya mashambani ili asipite mbele ya nyumba ya akina Fournier.

Kidato cha nne alimaliza 1987, cha sita 1990, na kila cheti kilizidi kumfunga ndani ya jina lile, hata alipojaribu kuulizia jinsi ya kulivua aliambiwa kwamba akilivua atavua na shule yote. Alifanya kazi ya mizigo ya ndege Dar es Salaam, kisha tarehe 12 Novemba 1996 akaingia Toronto, akapanga chumba cha chini ya ardhi huko Mount Dennis, na mwaka uliofuata akaajiriwa kwenye ghala moja la mizigo kule Malton, akianza kwa kubeba, akapandishwa kuwa dereva wa foklifti, na mwaka 2005 akawa msimamizi wa zamu.

Huku Toronto ndiko jina lilikoanza kumtesa. Nyumbani hakuna aliyeshangaa kumwona Fournier mweusi, lakini hapa kila mtu alitaka maelezo: afisa wa dirishani, mwenye nyumba, daktari wa meno, na kila aliyetoka Quebec alimvamia kwa Kifaransa asichokijua. Palikuwa na mfanyakazi mwenzake kutoka Sudbury, naye Fournier, mtu mwema kupita kiasi, aliyemwita binamu mbele ya zamu nzima na kumwalika kwenye mkutano wa ukoo wao. Marehemu alikwenda, kwa kuwa kukataa kungeleta maswali, na bibi mmoja wa ukoo akamketisha karibu yake, akafungua daftari, akamwomba majina ya babu zake mpaka kizazi cha nne. Aliomba ruhusa kwenda msalani, akaingia garini, akaendesha saa nne mpaka nyumbani bila kusimama, na Jumatatu akasema tumbo lilimwuma.

Kwa woga huo, mwaka 2001, alianza kulisoma jina. Alitaka tu kuwa na jibu siku atakayokuja mtu na faili mkononi, maana aliamini mtu huyo yuko njiani, na kila bahasha ya serikali aliifungua akiwa amesimama. Alikaa maktaba siku zake za mapumziko, akaandika barua Ufaransa, akatundika ukutani ramani ya dunia na kuchoma pini kila alikogundua kina Fournier. Woga ukageuka kuwa upenzi bila mwenyewe kutambua. Jirani yake, Mama Mumtaz, mzaliwa wa Tabora, ambaye yuko nasi hapa na mumewe Nurudin, alikuwa akimtania ngazini: "Sebastian bhai, wewe jina lako unalisoma kama mtu anayejiandaa kwa mtihani," naye akicheka kwa mdomo peke yake.

Tarehe 5 Agosti 2000 alikuwa amefunga ndoa takatifu na Chelagat, muuguzi kutoka Eldoret, na Mungu akawajalia watoto wawili, Jerono mwaka 2002 na Gaudensi mwaka 2006, wote wakiandikishwa kwa jina la Fournier. Mwaka 2009 mdogo wake aliletwa Toronto na kazi, na marehemu akampokea uwanja wa ndege kwa machozi, akamkumbatia, na ndani ya gari akamwomba jambo moja, kwamba mbele ya watu wawe marafiki tu, kwani ndugu wawili wenye majina mawili ni swali lisilo na majibu. Mdogo mtu alikubali. Alikubali kwa hasira, na hasira hiyo hajaimaliza hata leo, akiwa amesimama mbele ya jeneza.

Mama Elizabeti alifariki tarehe 20 Mei 2012. Matanga yake ya huku yalifanyikia nyumbani kwa Anselimi, wengi wenu mlihudhuria, na mtakumbuka kwamba marehemu alikuja amechelewa, akapanga foleni pamoja na wageni, akampa mdogo wake mkono na kumwambia, "Pole kwa kufiwa na mama," kisha akaketi karibu na mlango. Mama alikuwa wake pia. Walipofika nyumbani alishindwa kushuka kwenye gari, na hapo ndipo alipomweleza mkewe kila kitu, na Chelagat akaibeba siri hiyo pamoja naye.

Watoto hawakuambiwa. Jerono, akiwa mdogo, aliwahi kuuliza kwa Kiingereza chake mbona ramani ina pini kila mahali isipokuwa kijiji alikozaliwa baba, akajibiwa kwamba pini zimekwisha. Krismasi ya mwaka 2019 alimnunulia baba yake kile kipimo cha mate kinachoonyesha asili ya mtu, akidhani amepata zawadi ya kumfurahisha kuliko zote, na baba akamshukuru, akaiweka juu ya kabati, na imekutwa hapo hapo mwezi huu ikiwa na karatasi yake ya maua.

Afya ya marehemu ilianza kuzorota Oktoba 2024 kwa maumivu ya mgongo na kupungua uzito, na tarehe 9 Desemba madaktari wakathibitisha saratani ya kongosho. Siku ya pili ya mwaka huu, saa nane mchana, akiwa kitandani hospitalini, alimwita Jerono, akamwomba afunge mlango, akamwambia yeye ni nani na aliyekuwa akiitwa anko Anselimi ni nani. Kisha akaomba mambo mawili, azikwe kwa jina lake, na mwenye jina atafutwe.

Bibi Chelagat alikataa, na familia imekubaliana hilo lisemwe bila kumlaumu. Aliogopa watoto watanyang'anywa nchi na jina kwa siku moja. Alimwambia Anselimi, "Shemeji, wewe unataka ndugu yako, mimi nataka watoto wangu walale," na ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita kumwita shemeji. Mwanasheria aliulizwa, akasema mama aliingia nchini kwa karatasi zake mwenyewe na watoto walizaliwa hapa, hawaguswi, lakini hofu ya mama haiishi kwa maneno ya mwanasheria.

Ilibaki kumpata Sebastian Fournier. Alipatikana palepale Kalungwe, mkulima wa tumbaku, babu wa wajukuu sita, na Anselimi alimpigia tarehe 26 Februari akamweleza yote. Naye Sebastian akasema maneno haya, yaliyoandikwa kama yalivyotoka: "Shule sidai, umri umeshapita. Lakini babu yetu alikufa hajatuambia hili jina ni la nani, na mpaka leo wakitaka kunitukana wananiita mjukuu wa padri. Binti yangu aliachwa na mchumba kwa neno hilo. Kama huyo bwana amelivaa miaka arobaini, basi anieleze limetoka wapi, na anieleze mbele za watu." Bibi Chelagat alikuwa akisikiliza. Alikwenda ukutani, akaitoa ramani, akaipeleka na makabrasha yote hospitalini, kitandani kwa mumewe, akasema, "Mwandikie."

Marehemu alisema, Jerono akaandika, kwa siku nne. Tarehe 4 Machi 2025, saa tatu na robo asubuhi, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, wenzake wa ghala waliobadilishana zamu ili asikae peke yake, binamu wa Sudbury aliyesafiri na kufika jana, na ambaye baada ya kuelezwa alisema binamu ni binamu, jumuiya hii ya Waswahili kwa chakula na sala, na Nurudin na Mumtaz ambao hawakulala mpaka walale wafiwa. Wasiotajwa wasamehe.

Limebaki deni moja, na limewekwa mwisho makusudi. Ndugu Sebastian, simu iko wazi, haya ni maneno ya Tumsifu kwako.

Jina lako ni jina la kazi. Zamani huko Ufaransa wanakijiji hawakuachiwa kuoka mkate majumbani, walipeleka unga kwenye tanuri la bwana wa eneo, na aliyelisimamia tanuri hilo aliitwa fournier. Kwa kuwa kila kijiji kilikuwa na tanuri lake, jina liliota kila mahali kwa watu wasio na undugu, na ndiyo maana leo ni miongoni mwa majina yenye watu wengi Ufaransa, na lilivuka bahari na wahamiaji miaka mia tatu na zaidi iliyopita likajaa Quebec, likashuka Marekani, likapanda kaskazini mwa Ontario, na mashariki mwa Ottawa kuna kijiji kizima kinachoitwa hivyo, nami nimekwenda nikasimama chini ya kibao chake, nikakuona wewe na sare yako.

Kalungwe lililetwa na bruda mmoja wa misheni, siyo padri, mwoka mikate, aliyekufa kwa homa mwaka 1911. Shajara ya misheni, ambayo nakala yake nilitumiwa mwaka 2014, inasema kwamba mwaka 1906 bruda huyo alikabidhiwa mtoto yatima wa miaka kama minne, akamlea jikoni, akamfundisha tanuri, na siku ya ubatizo akampa jina lake kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumpa. Mtoto huyo ni babu yako. Shajara imewataja na wazazi wake, waliokufa kwa ndui wiki moja: baba aliitwa Kasonso, mama Nyamsenga, wote wenyeji wa hapo hapo Kalungwe. Ninyi si watoto wa padri. Nakala hiyo nimekaa nayo miaka kumi na moja nikiogopa kukuandikia, na kwa hilo nakuomba msamaha kuliko ninavyokuomba kwa shule.

Hapo ndipo alipoishia. Ramani imeviringishwa, Anselimi ataileta Kalungwe mwenyewe mwezi wa saba, na Jerono ameshachoma pini iliyokuwa inakosekana. Sasa Bibi Chelagat ataondoa kitambaa kilichofunika jina msalabani.

Tumsifu, mwana wa Petro na Elizabeti Nsokolo, kaka yangu, jina la watu limefika kwao, pumzika kwa amani ndani ya lako.