Fundi Chicha na Maziwa ya Ufuta: Wasifu wa Marehemu

Marehemu, ambaye wengi wa waliopo hapa walimwita Fundi Chicha, alizaliwa tarehe 6 Aprili 1960, akiwa mtoto wa tatu wa mlinzi wa ghala na mkunga. Alimaliza elimu ya msingi mwaka 1974, akajiunga na chuo cha ufundi na kuhitimu umeme wa majumbani mwaka 1978. Somo lililompa alama ya chini lilikuwa kuchora. Alijitetea kwamba mkono wake ulijua kufungua kuliko kupamba.

Aliajiriwa katika kiwanda cha feni hadi kilipofungwa mwaka 1991, ndipo akafungua chumba cha kutengeneza vyombo vya jikoni vya umeme. Mafundi wengine hujaribu blenda kwa maji. Yeye aliloweka ufuta tangu jana yake, akasaga kikombe kimoja kwa vikombe vitatu vya maji, akachuja, kisha akasugua tone la maziwa kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Chembe moja ya chicha, yaani makapi ya ufuta, ikikwaruza, mashine ilirudi mezani. Ndiyo asili ya jina lake.

Mama mmoja muuza maua aliwahi kumjia juu.

"Fundi, mimi nimeleta mashine, sikuleta njaa! Nipe chombo changu niende."

"Kunywa kwanza, mama. Maji husifu kila kisu. Ufuta hausemi uongo."

Alikunywa vikombe viwili, akaondoka, blenda akaisahau.

Tarehe 12 Desemba 1987 marehemu alifunga ndoa na fundi cherehani, ambaye baadaye alimshonea mifuko ya kuchujia, mshono ukiwa nje ili chicha zisijifiche. Hawakujaliwa mtoto. Mwaka 2005 walimpokea binti wa dada yake aliyefariki, akiwa na miaka sita, wakamlea na kumsomesha ufundi huohuo. Mpwa huyo ndiye anayesoma wasifu huu.

Februari 2022 chakula kilianza kumkwama kooni. Mwezi Agosti madaktari walitueleza kuwa ni saratani ya umio, na kwamba tulikuwa tumechelewa. Kufikia mwaka mpya hakuna kilichopita ila maziwa yake mwenyewe. Mpwa wake alifunga kisu kipya kwenye blenda ya nyumbani, akawa anachuja kwa mfuko mmoja, baadaye miwili, baadaye mitatu. Mwezi Machi marehemu alimaliza jagi kwa siku. Mwezi Juni, kikombe. Mwezi Septemba tulihesabu vijiko. Wageni walipomwambia atapona tu, aliwajibu, "Mota ikishaungua, haiponi kwa kusifiwa jagi." Walicheka. Yeye hakucheka.

Ladha ilikuwa imemtoka, lakini hakukubali kijiko kabla hajasugua tone. Jumanne, tarehe 17 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, alisugua kwa muda mrefu.

"Bado yana chicha."

"Mjomba, nimechuja mara tatu."

"Rudisha mezani, mama."

Maziwa yale hayakuwa na chicha. Vidole vyake ndivyo vilivyokuwa vimekauka na kupasuka, vikikwaruzana vyenyewe. Mpwa wake aliliona hilo, lakini hakuwa amewahi kumbishia fundi wake mbele ya meza ya kazi. Alikwenda jikoni, akaosha mfuko, akachuja mara ya nne, taratibu, kama alivyofundishwa. Aliporudi na kijiko, marehemu alikuwa ameshakata roho. Asubuhi hiyo, hadi anakata roho, hakuna kilichopita kooni mwake.

Ameacha mjane, kaka mmoja, na mpwa. Ameacha pia blenda nne za wateja mezani. Wenye nazo wanaombwa kwa heshima wazichukue zilivyo. Zimefungwa visu, lakini hazijajaribiwa, kwa kuwa tangu siku hiyo hakuna aliyeloweka ufuta.

Apumzike kwa amani, na koo lake lisidaiwe tena kitu.