Kiti Kimoja kwa Nohemí

Dada yetu Nohemí Ospino Daza alizaliwa hapa Arroyo Prieto tarehe 14 Machi 1968, kifungua mimba wa marehemu Manuel, dereva wa lori kwenye mgodi wetu wa makaa ya mawe, na Mama Delfina.

Alisoma hapa hapa, kisha akasomea uchumi Barranquilla. Lakini uchumi aliuanzia kwenye kamba ya kuanikia nguo. Vumbi la makaa lilikuwa linarudi kwenye shuka kabla hazijakauka, Mama anafua upya. "Mama, hii sabuni anailipia nani?" "Baba yako! Nyamaza uanike." Swali hilo alikwenda nalo kazini serikalini, Bogotá, mwaka 1995, akawa anawauliza wakubwa: bei ya makaa mbona haina sabuni yetu, wala mapafu yetu?

Mwaka 1997 aliolewa na mwalimu Aníbal Maestre, wakajaliwa binti, Marelvis.

Mwaka 2015 aliandika mpango wa kufunga mgodi. Mseme mtakavyo, mpango ule ulikuwa na sehemu mbili: kufunga, na kabla ya kufunga, watu wapewe maji safi na kazi kwenye umeme wa jua. Wakubwa walichukua ya kwanza, ya pili wakaitupa kabatini. Mgodi ukafungwa, na lawama zote zikamwangukia yeye. Aliacha kazi, akazunguka ofisi moja hadi nyingine akiidai ile ya pili, hadi pumzi zikamwishia. Mapafu yalikuwa na vumbi la utotoni. Alifariki Valledupar juzi, tarehe 6 Agosti 2024. Aliomba jambo moja tu: azikwe nyumbani.

Msiba wowote hapa, majirani huja na viti vyao, wakakesha kwa kahawa na mchezo wa domino. Jana jioni kahawa ilipoa na domino hazikutolewa kwenye boksi. Iliniuma sana. Kilikuja kiti kimoja, cha Don Eliécer, ambaye tangu mgodi ufungwe hajapata kazi.

"Sikuja kumsamehe, Edilsa," aliniambia. "Nimekuja kukaa naye."

"Basi kaa, mzee wangu."

Akakaa mpaka kukakucha.

Marehemu ameacha mama, mume, binti, mimi mdogo wake, na ile sehemu ya pili, ambayo ni haki yenu mpaka leo. Sala za siku tisa zinaanza jioni hii. Kahawa ipo. Njooni na viti, hata ninyi ambao hamjamsamehe.

Mungu amlaze mahali pasipo na vumbi.